Waksi ya kopo kwenye IST nyeusi: nimekaa nayo miezi mitatu

Wakuu, hili kopo la waksi ya kupaka gari ninalo tangu mwisho wa Februari, nikasema siandiki chochote mpaka masika yaipitie, maana kusifia waksi siku ya kwanza ni sawa na kumsifia bwana harusi ukumbini. Sasa masika yameshaipitia kwahiyo naweza kuongea.

Gari ni Toyota IST ya 2004, nyeusi, inalala nje huku Kinyerezi, Dar, chini ya mwembe. Mwenye gari nyeusi anajua mateso yake, ikitoka kuoshwa inapendeza dakika kumi afu ukiiangalia juani unaona mistari ya duara duara boneti nzima kama utando wa buibui. Miaka yote nilikuwa naipeleka kwa vijana wa kuosha magari, elfu tano, unakunywa soda yako unaondoka. Siwalaumu sana, wanakimbizana na foleni ya magari, ila siku moja nikasogea karibu nikaangalia vizuri: kitambaa kilichotoka kufuta rimu kikadondoka kwenye mchanga, kikaokotwa, kikachovywa kwenye ndoo ile ile moja yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kikapanda kwenye mlango wangu. Yani nalipa elfu tano nipigiwe msasa.

Basi nikaenda mtaa wa Gerezani hapa hapa Dar nikanunua kopo la waksi 28,000, shampoo ya gari chupa ya lita moja 12,000 na vitambaa vya maikrofaiba vitatu. Jina la waksi siliweki hapa, hizi za kopo la bati la duara zipo za majina mengi na ukifungua zinafanana, ngumu kama dawa ya viatu, inakuja na kasponji kadogo juu. Nyingi wanachanganya na nta ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, ndo maana jua haliiyeyushi kirahisi.

Nianze na shampoo maana ndo iliyonishangaza kuliko waksi. Mi nilikuwa mtu wa sabuni ya unga, kijiko kikubwa kwenye ndoo, povu mpaka barabarani, najiona nimeosha. Kumbe sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo na waksi nayo ni kama mafuta tu, kwahiyo ukipaka waksi Jumamosi hii na Jumamosi ijayo ukaosha na sabuni ya unga umeshaanza kuitoa. Shampoo kizibo kimoja kinatosha ndoo ya lita kumi, povu lake dogo mpaka unahisi umeibiwa, ila inateleza, kitambaa hakikwami kwenye bodi na hapo ndo mikwaruzo inapopungua. Na tumia ndoo mbili, moja ya shampoo, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye shampoo. Unaanzia juu kwenye paa unashuka, vile vya chini kabisa na rimu vina kitambaa chao peke yake. Mara ya kwanza nilipomaliza nikamwaga ile ndoo ya kusuuzia, chini kulibaki mchanga wa kujaza kiganja. Huo mchanga wote miaka ya nyuma ulikuwa unazungushwa kwenye rangi yangu!

Sasa kabla ya waksi kuna jaribio moja nawashauri mlifanye. Chukua mfuko wa nailoni mwembamba (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku toka 2019 lakini ule wa mkate upo), vaa mkononi afu pitisha vidole taratibu kwenye boneti iliyooshwa ikakauka. Mkono mtupu ulikuwa unaniambia boneti laini kabisa, nilivyovaa mfuko wa mkate nikasikia vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ni uchafu ulionasa kwenye rangi, utomvu wa mwembe, lami, chembe za chuma za breki, na maji hayautoi. Kuna udongo maalum unauzwa wa kuutoa, ka kipande kama sabuni ya mche, unalowesha bodi kwa maji ya shampoo unaupitisha kidogo kidogo bila kukandamiza. Ukidondoka chini usiuokote ukaendelea nao, tupa, umeshakuwa msasa.

Hapa ndo nije kwenye majanga yangu. Kabla ya hili kopo nilishawahi kununua chupa kwenye foleni, kijana anapita dirishani anakwambia bosi hii inatoa mikwaruzo, inang'arisha, inapaka na waksi, vyote humo humo, elfu kumi. Harufu yake mafuta ya taa. Nikasugua boneti na tisheti ya zamani kwa hasira zote, mng'ao ukaja kweli, usiku nikalala nimefurahi. Kesho yake juani boneti ina ukungu mkubwa katikati na mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani. Fundi rangi wangu akacheka, akaniambia hiyo ina kompaundi nzito, yani dawa ya kusaga, umekula klia, lile tabaka angavu la juu linalolinda rangi. Watu wengi tunachanganya, polishi inakula na waksi inapaka. Polishi ina chenga za kusaga, inapunguza ile klia ya juu ili mkwaruzo usionekane, na klia yenyewe ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, kwahiyo sio kitu cha kufanya kila wiki kama unapiga kiwi viatu. Waksi haikwaruzi, inakaa juu tu. Na ukiona kitambaa cha polishi kinatoka na rangi ya gari yako basi acha hapo hapo, aidha gari haina klia au imekwisha. Changu kilikuwa kimetoka cheusi ti, nikadhani ni uchafu.

Turudi kwenye kopo. Kupaka kwenyewe ni asubuhi, bodi iwe ya baridi. Mi naanza saa kumi na mbili na nusu, jua likifika kwenye boneti nimeshamaliza, maana ukipaka kwenye bodi ya moto inakauka papo hapo na kuitoa utatoa jasho la mahari. Unazungusha sponji mara mbili tu kwenye kopo, unapaka nyembamba, kipande kwa kipande, mlango, bawa la mbele, nusu ya boneti. Nyembamba kweli kweli, kama haionekani vizuri ndo sahihi. Unasubiri ipauke, unapitisha kidole, kikiacha njia safi nyeusi imeiva, kikiburuza ukungu bado. Afu maikrofaiba kavu, unageuza upande kila inapojaa. Mara ya kwanza nilipaka nene kama blubendi kwenye mkate, nikatumia saa tatu na mabega yakaniuma siku mbili, ya pili saa moja na nusu.

Kinachoniudhi kwenye kopo hili: ikigusa plastiki nyeusi za bampa na zile mpira za dirisha inaacha weupe ambao maji hayautoi. Maelezo nyuma ya kopo yapo kwa herufi za kuhesabu na darubini na hili halipo. Nikahangaika na mswaki wa zamani wee, mwisho nikasikia siagi ya karanga inatoa, mke wangu akanikuta napaka bampa siagi ya watoto na sijasamehewa mpaka leo. Ila imetoa. Siku hizi nabandika seloteipu ya karatasi pembeni ya plastiki kwanza. Na sponji yake imeshachanika, miezi mitatu tu.

Mikwaruzo je? Imepungua kuonekana, haijaisha, na anayekwambia waksi inatoa mikwaruzo anakuuzia. Kilichobadilika ni weusi wenyewe, umekuwa mzito, jirani aliniuliza nimepiga rangi wapi.

Mvua za Machi maji yalikuwa yanadundika na kukimbia kama kwenye jani la gimbi, watoto walikuwa wanatoka kuangalia. Mpaka wiki ya saba boneti na paa vikaanza kuchoka, maji yanatandazika badala ya kudunda, milango ikaenda mpaka ya kumi hivi. Kwa gari inayolala nje jua na mvua naona sio mbaya, narudia kila baada ya miezi miwili na kopo bado halijafika nusu. Zile za chupa za kupulizia nilijaribu ya rafiki yangu, rahisi mno, robo saa umemaliza, lakini wiki mbili hamna kitu.

Nampa nne kwa tano, hiyo moja nimekata ya plastiki na sponji. Shampoo tano kwa tano. Chupa ya foleni sina hata namba yake.

Ah na kunguru. Juzi nimemaliza kupaka, naingia ndani kunawa, natoka nakuta ameshaweka sahihi yake katikati ya boneti. Zamani nilikuwa nakwangua na ukucha na alama inabaki palepale kwenye rangi. Safari hii nimelowesha kitambaa, nikakilaza juu yake dakika moja, nikanyanyua, ikatoka nacho.