Glavu za manyoya ya sili: ngozi ya maana, mshono wa hovyo, na muuzaji asiyeambilika

Mnisamehe, naandika hasira zikiwa bado hazijanitoka. Nilinunua glavu za manyoya ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, hapa St. John's, Newfoundland, Kanada, kwenye duka ambalo sitalitaja. Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita, au yale ya kabla yake. Bei ndiyo siwezi kuisahau: karibu dola 200. Na kwa pesa hiyo yote, mshono wa kidole gumba cha kulia ulifumuka kabla hata theluji haijaisha.

Wala sikuwa nakata kuni. Nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, mara nikasikia kitu kinachanika na baridi ikaniingia kiganjani. Kuangalia, hakuna mshono. Nilipozichunguza ndani, kwenye mwanga wa jikoni, nikaelewa. Aliyeshona alitumia mashine na uzi mwembamba wa nailoni, akayabananisha matundu ya sindano mpaka ngozi ikawa kama karatasi ya stempu: ukivuta kidogo tu, inaachia kwenye mstari. Fundi viatu yeyote wa Mwembe Tayari, Mombasa, angeona aibu kumrudishia mteja kazi ya namna hiyo.

Nikachukua risiti, nikaenda dukani. Wallahi sikwenda kugombana.

Mimi naeleza habari ya uzi, mzee wa kaunta ananijibu habari ya Ulaya! Glavu yenyewe hakuigusa. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Kwani na wewe ni wale wanaotupiga vita sisi wa uwindaji wa sili?" Kisha akafungua bomba. Brigitte Bardot, yule mcheza filamu wa Kifaransa, alivyokuja kwenye barafu mwaka 1977 kupigwa picha. Umoja wa Ulaya ulivyofunga soko la bidhaa za sili mwaka 2009. Urusi nayo ilivyofuata mwaka 2011. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakawa wanaitikia kwa vichwa. Dakika chache tu na mimi nimeshakuwa adui wa wavuvi, mimi niliyetoa pesa yangu kuwaunga mkono!

Na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hayo yote nilikuwa nayajua, na ndiyo yaliyonipeleka kwake. Ukiishi huku huwezi kuacha kuyajua. Wanaowinda sili ni wavuvi hawa hawa, wanaotoka na mashua zao mwisho wa baridi kabla misimu mingine haijaanza. Serikali ilipofunga uvuvi wa chewa wa huku (cod) mwaka 1992, vijiji vizima vilibaki mikono mitupu, na ngozi ya sili ikawa moja ya vitu vichache vya kuuza. Mwaka 2006 waliuawa zaidi ya sili 300,000 na bei ilikuwa nzuri. Soko la Ulaya lilipofungwa bei ikaanguka, na siku hizi wanaowindwa hawafiki hata robo ya wale 400,000 walioruhusiwa mwaka 2011. Wainuit wa Nunavut, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, wanaumia zaidi: sheria ya Ulaya imewaachia mlango wa kuuza, lakini mnunuzi akishaogopa neno sili hakuulizi ngozi imetoka kwa nani.

Tena tusidanganyane, upande wa pili nao una hoja. Wale watoto wa sili, weupe, wa kwenye mabango ya wapinzani hawawindwi kibiashara Kanada tangu 1987, ni kweli. Lakini wengi wanaouawa leo ni wadogo vilevile, wamebadilisha manyoya tu. Nilipima, nikaamua nitanunua. Asiyetaka kununua simlaumu.

Sasa mzee akanipeleka mpaka 1914, meli iliyoitwa Newfoundland, wawindaji wa sili 78 waliokufa kwa baridi juu ya barafu. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, mzee wangu, wale marehemu nawaheshimu sana, lakini wanahusianaje na uzi wako wa nailoni? Akanirudishia risiti kwa ncha za vidole, akasema mali ya msimu hairudishwi, akamwita mteja anayefuata.

Mtu akiwa na shida ya kweli halafu akaifanya ngao ya kuuzia kazi mbovu, anawaharibia wenzake. Yule mvuvi aliyeuza ngozi kwa bei ya kutupa hana kosa lolote, lakini mimi nikimsimulia mtu mkasa huu, atakachokumbuka ni kwamba vitu vya sili vinafumuka.

Na havifumuki! Ile ya kushoto mpaka leo ni nzima. Manyoya yake ni mafupi na magumu, yanalala upande mmoja: ukipapasa kuelekea vidoleni ni hariri, ukirudisha mkono yanakwaruza. Theluji ikiyeyuka juu yake, maji yanateleza na kudondoka, ngozi ndani kavu. Nimepanda nazo kilima cha Signal Hill na ule upepo wake wa baharini unaotoa machozi, mikono ikabaki na joto. Nimevaa pamba, sufu na zile za plastiki, hazifiki popote.

Jambo jingine ambalo dukani hawakulisema, nikaambiwa na babu jirani yangu, mvuvi mstaafu: usivuke nazo mpaka kwenda Marekani. Sheria yao ya mwaka 1972 hairuhusu kuingiza vitu vya sili, na forodhani wanaweza kuzichukua. Mwenye dada Boston aziache nyumbani.

Huyo huyo babu ndiye aliyenishonea upya, kwa mkono, kwa uzi mnene uliopakwa nta, mshono hatua pana. Alipouona ule wa dukani alicheka, akasema aliyeshona hajawahi kushika kasia. Pesa alikataa, akapokea chapati.

Nyota moja. Basi, ziwe mbili, ya pili ni ya sili mwenyewe. Kwenye duka lile sikanyagi tena. Ila pale dirishani kuna kofia yenye masikio, rangi ya fedha yenye madoa meusi... Nimeshamuuliza babu kama anajua kushona kofia, akaniambia nilete ngozi.