Kliniki ya methadoni: miezi 14 ya kumsindikiza mdogo wangu

Mdogo wangu alikuwa anatumia heroini. Kabla ya kliniki tulipita soba hausi ya kulipia, nyumba ya kuwaachisha watu unga. Mwenye nyumba alimwangalia mdogo wangu siku ya kwanza, akanivuta pembeni: "Dada, huyu hamalizi. Macho yake nayajua." Usiku wa pili arosto, maumivu ya kukosa unga, ikamkamata: kutapika, kuharisha, mifupa inauma. Siku ya tano akaruka ukuta. Hela hatukurudishiwa, na mimi nikabaki naamini kasoro ni ya mdogo wangu.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye hospitali za serikali ni bure. Muhimbili walianza Februari 2011, na leo hapa Dar es Salaam kliniki ziko kadhaa. Dawa ni ya maji. Anapewa dirishani kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mfamasia akimwangalia, anashushia maji, kisha lazima atoe sauti, "Ahsante dokta", ndiyo wajue amemeza. Kila siku, Jumapili na Idi pia. Inamshika siku nzima, hahangaikii kete za unga.

Wiki za mwanzo ndiyo mtihani. Dozi inaanzia chini na kupandishwa polepole, maana ikikimbizwa mtu anaweza kukata pumzi usingizini, hasa akichanganya na pombe. Kwa hiyo arosto haiishi mara moja, na wengi wanarudi maskani kwa watumiaji wenzao hapo hapo. Nesi mmoja aliniambia kitu kilichonituliza: wateja wa mwanzo wa Muhimbili walipofuatiliwa, waliofikishwa kwenye dozi kubwa walidumu kuliko waliobaki kwenye dozi ndogo, na wanawake walidumu kuliko wanaume. Macho hakuyataja.

Sasa lililoniuma. Mwezi wa nne mdogo wangu alikutwa na TB, akaanza vidonge. Mkojo ukawa rangi ya karoti. Haikupita muda akaanza kupiga miayo mfululizo, jasho, vinyweleo vimesimama. Akaenda kusema dozi haimshiki. Aliyekuwa mezani siku hiyo akamjibu mbele za watu kwamba anatafuta stimu. Siku nne hakurudi. Nilimkuta kijiweni, amejikunja nyuma ya kibanda cha chipsi, kandambili mguu mmoja. Akanitazama akasema tu, "Dada, mimi niliwaambia."

Nilimrudisha mwenyewe. Daktari mwingine, mama wa makamo, aliuliza swali moja: "Baba, unameza dawa gani nyingine?" Akatueleza kuwa rifampisini, ile ya kwenye vidonge vya TB, inalifanya ini liimalize methadoni haraka, hivyo dozi ileile inakuwa haitoshi. Kwa kuwa alikosa zaidi ya siku tatu walianza tena chini, wakapanda taratibu hadi miligramu 130. Arosto ikaondoka. Swali lile lilipaswa kuulizwa siku anapeleka cheti cha TB. Angepotea, faili lingeandikwa "ameacha matibabu", na nani angejua kuwa matibabu ndiyo yaliyomwacha?

Nauli nayo itazameni mapema. Sisi ni magari mawili kwenda, mawili kurudi, 2,400 kwa siku, na mtu hana kazi. Walioanza naye wiki moja walikuwa saba. Kijana aliyekuwa analetwa na gari la kwao aliacha mwezi wa pili. Aliyekuwa analala chini ya daraja, ambaye hata mimi sikumpa mwezi, yupo hadi leo. Mama muuza chapati karibu na geti alimpa kazi ya kuosha vyombo, akimaliza kunywa dawa anavuka barabara anaanza kazi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mpelekeni ndugu yenu. Beba dawa zake zote kwenye mfuko uzimwage mezani, na akisema haimshiki, msindikize akaseme tena, kwa daktari.

Vidonge vya TB vilipoisha, yule daktari mama alikumbuka mwenyewe kumshusha dozi kabla haijamzidi. Sasa yuko 90, mashavu yamerudi. Mimi siku hizi simsindikizi tena, namwachia nauli juu ya friji usiku, na asubuhi nikiamka sikuti kitu.