Bili zijilipe zenyewe au umwachie mtu? Kwa anayeenda misheni nje

Ukiwa mwanajeshi na ukapewa oda ya kwenda misheni nje miezi tisa, bili za nyumbani hazikusubiri, na hapo njia za maana ni mbili: benki ikate yenyewe kila mwezi, au umwachie mtu hati ya uwakili (karatasi ya kisheria ya kumruhusu afanye mambo kwa niaba yako) ashughulike.

Kukata otomatiki ni raha kwa vitu vya kiwango kilekile, bima, mkopo wa gari, unaseti mara moja basi. Shida ni pale kitu kinapobadilika. Kadi inaisha muda wake uko kambini na intaneti ya kubahatisha, malipo yanagoma kimyakimya, unakuja kushtuka mwezi wa tatu umeshapigwa faini (iangalie ile tarehe kwenye kadi kabla hujafunga begi, dakika moja tu). Na benki haiwezi kupiga simu kuuliza mbona bili ya maji imepanda mara mbili na nyumba haina mtu.

Mtu anaweza. Ila mtu gani sasa, maana hati ya jumla inaweza kumpa hadi uwezo wa kuuza gari lako, mi naona bora hati maalum, itaje mambo yenyewe na tarehe ya kuisha.

Kwenye mikataba ndo mtu anashinda kabisa. Marekani kwa mfano, sheria ya 2003 inamruhusu mwanajeshi kuvunja mkataba wa nyumba akiwa na oda ya siku 90 au zaidi, lakini lazima notisi ya maandishi na kopi ya oda vimfikie mwenye nyumba, otomatiki haifanyi hivyo, yenyewe itaendelea tu kulipia nyumba tupu.