Nimeachana na bunduki isiyopiga sawa, nimechukua Tikka T3x Lite: duka lilinipokeaje na yenyewe inapigaje

Wakuu, hii ni rivyu ya vitu viwili kwa mpigo: huduma ya kubadilishana bunduki dukani (unapeleka ya zamani inapigiwa bei, unaongezea hela, unaondoka na nyingine) na bunduki yenyewe niliyoondoka nayo, Tikka T3x Lite ya kaliba (kipimo cha risasi) .308 Winchester. Kwa wenye haraka: kwenye bei ya ile ya zamani walinikata, tena walinikata vizuri tu, ila sijutii maana hii ya sasa najua risasi ya kwanza inaenda wapi. Wenye muda tuendelee.

Ile ya zamani kampuni yake sitaitaja, sidhani hata kama kosa ni la kiwanda, ilishapita mikono mingi kabla ya kunifikia na hakuna anayejua ilishapigishwa risasi ngapi. Nayo ilikua .308, kitako cha mbao, nzuri kuitazama hasa. Shida ni kwamba kwenye mita 100, umekaa mezani, umeegemeza juu ya mifuko ya mchanga, hakuna upepo wala mnyama wa kukutia presha, matundu kwenye karatasi yanatawanyika sentimita 12 na kuna wakati yanapita hapo. Sasa mtu atasema sentimita 12 si mbaya, eneo la moyo na mapafu kwa mnyama wa ukubwa wa kati ni kama sahani ya chakula. Sawa, ila hiyo ni mita 100 na upo mezani. Peleka mita 200 hizo 12 zinakua 24, sahani imeshaisha, na bado hujaweka pumzi zako baada ya kupanda mlima, hujaweka upepo, hujaweka kwamba umepiga magoti huku mguu mmoja unatetemeka. Hapo ndo wanyama wanajeruhiwa wanaenda kufia mbali na mtu anabaki kufuata damu mpaka giza linaingia. Mimi kwa hilo sina utani, bunduki ambayo huijui inapiga wapi usitoke nayo.

Kabla hamjaniuliza: ndio, nilikagua kila kitu kwanza, na hapa nawaomba mtulie maana watu wengi wanakimbilia kubadilisha bunduki wakati ugonjwa ni skrubu. Darubini ndo mtuhumiwa namba moja siku zote. Niliikaza upya, pete na besi zote zinazoishikilia kwenye bunduki, kisha nikaivua nikaweka nyingine ambayo kwenye bunduki ya jamaa yangu inapiga safi, tatizo likabaki palepale. Skrubu zinazoshika mtutu na kitako nazo nikazikaza sawasawa. Halafu nikapitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikakwama upande mmoja karibu na mbele, yaani mbao ilivimba kwa unyevu ikawa inausukuma mtutu, na mtutu ukipata joto unasukumwa zaidi, ndo maana risasi zilikua zinapanda kadri ninavyoendelea kupiga. Fundi akachonga pale, karatasi ikapita mpaka mwisho, na kweli ule mchezo wa kupanda ukaisha ila kutawanyika kukabaki. Nikasafisha mtutu kwa dawa ya kutoa shaba mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya kijani, maana shaba ya kwenye risasi inaganda kwenye mifereji ya ndani (ile inayoizungusha risasi inapotoka) na kuharibu shabaha polepole bila mtu kujua. Nikabadilisha risasi, nzito, nyepesi, kampuni tofauti (hili nalo msilidharau, bunduki moja inaweza kupenda risasi ya aina hii na kuikataa ile kabisa, na hamna namna ya kujua bila kujaribu). Nikampa na jamaa yangu anayepiga vizuri kuliko mimi aipige, akapata matokeo yaleyale. Basi.

Dukani sasa. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha, jamaa wa kaunta hakuniuliza nataka kununua nini, aliuliza ile inanisumbua nini. Nikamwambia ukweli wote na karatasi za shabaha nikampa azione. Najua wapo wanaopeleka bunduki mbovu wamenyamaza kimya wakitegemea duka halitagundua, mi naona ni ujinga kwa sababu mbili, kwanza kesho na keshokutwa kuna mtu ataenda kuwinda nayo, pili fundi mwenye kamera ya kuingiza ndani ya mtutu ataona tu. Na aliona. Akaniita kwenye skrini akanionyesha sehemu ya mwanzo ya mifereji, pale mbele ya chemba (sehemu inapokaa risasi kabla ya kupigwa) ambapo moto wa baruti ni mkali kuliko kwingine kote, chuma kimelika na kimepasukapasuka vinyufa vidogo vidogo, mifereji inaanza mbali na inapotakiwa kuanza. Maana yake risasi ikitoka kwenye ganda inaruka kidogo bila kushikwa kabla ya kuingia kwenye mifereji, na inaweza kuingia imeinama. Hapo hata uwe na darubini ya bei gani hakuna kitu. Kwenye mdomo wa mtutu nako palikua na kikovu, ingawa hicho peke yake alisema kingetengenezeka kwa kukata kidogo na kusawazisha.

Akanipa njia mbili bila kunisukuma: kuweka mtutu mpya kwenye bunduki ileile au kubadilishana. Mtutu mpya ukijumlisha na kazi ya fundi na kusubiri ulikua unakaribia bei ya bunduki mpya ya kiwango cha kati, na mwisho wa siku bado una kitako kinachovimba. Kama ni bunduki ya babu unaweka mtutu, hata usifikirie mara mbili. Hii haikua ya babu.

Bei waliyonipa ni ndogo, niseme wazi. Kuuza mwenyewe kwa mtu ungepata zaidi, hilo ni kila mahali, duka lazima liweke faida yake na gharama ya kurekebisha. Ila kuuza mwenyewe unatafuta mnunuzi mwenye kibali, unashughulikia makaratasi ya kuhamisha umiliki, unajibu maswali ya watu wasionunua, na kwa bunduki yenye tatizo kama lile unalazimika kumwambia kila anayekuja kwamba haipigi sawa. Duka lilibeba yote hayo. Walinakili namba ya bunduki, wakakagua kibali changu, wakanipa risiti inayoonyesha nimeikabidhi na siku niliyoikabidhi, hiyo risiti itunzeni jamani maana mpaka rejesta ibadilishwe ile bunduki bado ina jina lako. Na mpya huchukui mpaka karatasi zake zitimie. Kilichonikera ni kimoja, walijaribu kuniuzia na darubini mpya eti ya zamani haifai, wakati tulishathibitisha darubini haina kosa. Nikakataa, hawakununa. Nyota nne kwa duka.

Kwa nini Tikka na si kitu kingine? Nilishika kadhaa pale. Tikka inatengenezwa Finland na watu wa Sako, T3 ilitoka 2003 na hii T3x ni toleo lililoboreshwa la 2016. Kiwanda kinaahidi MOA moja (kipimo cha pembe cha kupimia shabaha) kwa risasi 3, yaani kwenye mita 100 matundu yasitawanyike zaidi ya sentimita 2.9 hivi. Risasi 3 si nyingi, mtu yeyote anaweza kubahatisha risasi 3 zikakaa pamoja, ndo maana mi napenda kupiga 5 na zaidi na kuziangalia zote, hata ile mbaya, hasa ile mbaya. Kwa risasi niliyoishia kuitumia, yenye kichwa cha greni 165 (greni ni kipimo cha uzito), matundu 5 yanakaa ndani ya sentimita 4 bila kuhangaika. Si ya mashindano ila kwa kuwinda imezidi.

Lakini kilichoniuza si hicho. Ni risasi ya kwanza mtutu ukiwa wa baridi. Mwindaji hapigi kundi la risasi, anapiga moja, asubuhi, mtutu umelala baridi usiku kucha. Ile ya zamani risasi ya kwanza ilikua bahati nasibu. Kwa hii nilikua naenda kupiga moja tu, naiweka alama kwenye karatasi, naifunga, siku nyingine nairudisha karatasi ileile napiga moja tena. Ukizitazama hizo za baridi zote pamoja zimekaa sehemu moja. Hicho ndo kipimo, na kama unataka kubadilisha bunduki yako ipime hivyo kwanza kabla hujaisema vibaya au kuisifia.

Bolti (chuma unachovuta kuingiza na kutoa risasi) ni laini mno, inateleza kama haigusi kitu, na unainua digrii 70 tu kwahiyo mkono haugongi darubini. Triga inakatika safi, haina mchanga ndani, na unaweza kuiseti kati ya kilo 1 na 2. Kitako ni plastiki, mtu wa mbao ataguna, mi mwenyewe niliguna, ila plastiki haivimbi na mtutu unaelea, yaani haugusani na kitako, karatasi inapita yote.

Mambo ya kujua kabla hujalipa. Ni nyepesi, kilo 3 hivi bila darubini, unaifurahia ukiwa unapanda, ukipiga inakukumbusha kwenye bega. Mezani vaa kitu begani la sivyo utaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga halafu useme na hii haipigi sawa. Mtutu mwembamba unapata moto haraka, piga chache uache upoe. Magazini inayokuja nayo inabeba risasi 3, ya 5 unanunua pembeni, na ni ya plastiki, nunua ya akiba mapema maana ukiidondosha porini ukaipoteza umebaki na bunduki ya risasi moja moja (unaweza kuingiza kwa juu, uwazi wa kutolea maganda wa T3x umepanuliwa kwa ajili hiyo). Sefti (kizuizi cha usalama) ina nafasi mbili tu na ikifungwa bolti nayo inafungwa, maana yake ukitaka kutoa risasi kwenye chemba lazima kwanza uiweke kwenye kupiga. Mi ningependa nafasi tatu. Mpaka hapo, ukiwa unatoa risasi mdomo uelekeze kwenye udongo salama, kidole nje ya triga, na waambie wenzako wakae nyuma yako.

Kingine, kikiwa kidogo: mfumo wake (sehemu ya chuma inayobeba bolti) una urefu mmoja kwa kaliba zote, kwahiyo kama ulitaka .308 ili upate bunduki fupi kabisa, hapa hupati huo ufupi. Mi sikujali. Anayewinda kwenye vichaka vizito aulizie ile ya mtutu wa sentimita 51, na kabla hajaichukua akumbuke fupi ina kelele na mwanga zaidi mdomoni.