TAHADHARI: Mashine za kukatia nyasi za betri zenye lebo ya “48V”, “88VF” na “99999mAh”

Wadau, kuna mashine za kukatia nyasi za betri zinazotangazwa sana Instagram, Facebook na TikTok. Ni zile nyepesi zenye mti wa kurefusha na kufupisha, na sanduku moja lina betri mbili, chaja, visu vya plastiki, visu vya chuma na mara nyingine msumeno mdogo wa duara. Kwenye tangazo mtu anafyeka kichaka kizima bila kupumzika. Mzigo ukifika mashine inawaka, inazunguka vizuri hewani, mnunuzi analipa, boda anaondoka. Siku ya kwanza kwenye nyasi inakata dakika saba au nane, inazima.

Ukimpigia muuzaji, anapokea. Tena anapokea kwa upole na kukupa “matatizo ya kawaida” moja baada ya jingine: chaji saa kumi na mbili kwa mara tatu za mwanzo, pumzisha mota, umeme wa kwako ni mdogo, nyasi zako ni mbichi mno. Unahangaika na ushauri huo mpaka siku za kurudisha bidhaa zinaisha, kisha anakuambia suluhisho ni kununua betri ya tatu. Utapeli uko hapo. Mashine yenyewe mara nyingi si mbovu kiasi hicho. Kinachodanganya ni betri, na maelezo ya kiufundi anayokupa ni ya kukupotezea muda. Yafuatayo yatakuwezesha kujua ndani ya siku moja kama una hitilafu ya kawaida au umepigwa.

Tuanze na lebo. Ndani ya betri hizi kuna seli za lithiamu za aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Seli moja ina volti 3.6 au 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Kasha la umbo hili, lile la kuteleza chini ya mpini kama la drili, linameza seli kumi kwa wingi wake: tano kwa mfululizo (zimefuatana, volti zinajumlika), safu mbili sambamba (volti hazibadiliki, ila chaji inaongezeka). Tano kwa mfululizo zinatoa volti 18 na ushee, na zikijaa 21. Hakuna namna kasha hilo litoe 48V, kwa sababu 48V inataka seli 13 kwa mfululizo. 88V inataka 24. Hiyo “VF” nayo si kipimo cha umeme. Imewekwa ili ukilalamika uambiwe haikuwa volti, ilikuwa jina la modeli.

Kwenye mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri (1000mAh ni 1Ah), uongo ni mkubwa zaidi. Seli nzuri ya 18650 inabeba takriban 3500mAh. Ili kupata 99999mAh kwa volti hizo ungehitaji safu 29 za seli tano, yaani seli 145, karibu kilo saba za seli tupu. Betri uliyoletewa haifiki hata kilo moja. Na seli zinazowekwa humo kwa kawaida si zile nzuri, ni za 1300 hadi 2000mAh, nyingine zimetolewa kwenye betri za zamani za kompyuta na kuvishwa plastiki mpya.

Wanaotumia jina la Makita kwenye betri hizi nao waangaliwe. Betri za kampuni hiyo ya vifaa, za mfumo wake uitwao LXT, ni 18V, na kubwa zilizozoeleka katika mfumo huo ni 6.0Ah. Ukiona imeandikwa Makita 9.0Ah, 12Ah au 88V kwenye kasha la ukubwa huohuo, ni bandia, hata kama rangi na maandishi yamepangwa vizuri.

Sasa vipimo. Cha kwanza hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Tumia mashine mpaka izime yenyewe, acha betri ipoe nusu saa, kisha chaji na uandike muda mpaka taa igeuke kijani. Soma kwenye chaja, pale palipoandikwa Output, inatoa ampea ngapi. Chaja ya 1A haiwezi kuingiza zaidi ya 1Ah kwa saa moja. Kama taa imekuwa kijani baada ya dakika 45, basi betri yako haikupokea hata 0.75Ah, lebo iseme itakavyo. Betri ya kweli ya 4Ah kwenye chaja hiyo ingekaa zaidi ya saa nne. Kipimo hiki kinampendelea muuzaji, maana chaja nyingi za aina hii hazitoi hata hizo ampea zilizoandikwa. Ikishindwa hapa, hana la kujitetea.

Cha pili ni maltimita, kifaa cha mafundi cha kupimia umeme. Betri ikiwa imejaa, weka kwenye volti za DC, kipimo cha 200, gusa vyuma vya chanya na hasi bila kuvigusanisha. Ukisoma kati ya 20 na 21, una seli tano kwa mfululizo. 18V si volti mbaya, drili nyingi nzuri zinatumia hiyo hiyo. Shida ni kwamba umelipia 48. Ukisoma 17 au 18 ilhali chaja imeonyesha kijani, kuna seli moja au zaidi iliyokufa ndani.

Cha tatu ni mizani. Seli moja ina takriban gramu 45 hadi 48, hivyo betri ya seli kumi pamoja na kasha lake inakuwa gramu 600 hadi 700. Ikiwa gramu 350 hivi, ndani ni seli tano tu na nusu ya kasha ni tupu. Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu wapo wanaojaza uzito wa bure, lakini betri nyepesi haidanganyi. Itikise pia karibu na sikio. Kitu kinachogonga ndani hakina kazi njema.

Dakika unazoweza kutarajia zinahesabika. Mashine ya aina hii ikikata nyasi za wastani inakula kama wati 200. Seli tano za 1500mAh zinabeba wati-saa 28 (volti mara ampea-saa, yaani nishati yote iliyomo), ambazo ni dakika nane. Seli kumi za 2000mAh zinabeba wati-saa 74, dakika kama 22. Kwa hiyo anayekuahidi saa tatu kwa betri moja anajua anachofanya.

Turudi kwenye visingizio. Kuchaji saa kumi na mbili mara tatu za mwanzo ni kanuni ya betri za nikeli za zamani. Lithiamu haihitaji “kufunguliwa”, na kuiacha kwenye chaja ya bei rahisi usiku kucha ni kuitafutia moto. “Umeme wa kwako ni mdogo” pia si kweli, kwa kuwa chaja hizi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukiwa hafifu kidogo haibadiliki kitu. “Nyasi mbichi” zinaongeza mzigo kweli, lakini hazigeuzi saa tatu kuwa dakika nane. Kuna ushauri mmoja ambao ni wa hatari kabisa: betri ikigoma kuchaji, unaambiwa uiamshe kwa waya kutoka betri ya gari au ya pikipiki. Usifanye. Betri ya seli tano ikisoma chini ya volti 12, seli zake zimeshuka kupita kiasi, na kuzisukumia umeme bila udhibiti ndiyo njia ya kuzifanya zilipuke saa chache baadaye, mkiwa mmelala.

Ili usimwonee muuzaji, hakikisha kwanza si haya yafuatayo, maana yanatokea hata kwenye mashine halisi.

Ikiwa inakata kidogo, inapungua nguvu na kuzima, lakini ikipoa inarudi na betri bado ina chaji, fungua kichwa cha kukatia uangalie mhimili. Majani marefu hujisokota nyuma ya kichwa mpaka yanakaza kama kamba, mota inapigana nayo, ampea zinapanda na kinga ya betri inakata umeme. Ondoa betri kwanza, ndipo uyakate kwa kisu. Sababu nyingine ya dalili hiyohiyo ni kamba nene. Mashine ndogo za betri zimetengenezewa kamba ya nailoni ya milimita 1.6 au 2.0. Ukiweka ya 2.4 au 3.0 ya mashine za petroli kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umeibebesha mota mzigo usio wake na chaji itaisha upesi.

Kamba isiyotoka ukigonga kichwa chini haina uhusiano na betri. Aidha imezungushwa kinyume na mshale ulio kwenye spuli (kigurudumu kinachoviringishiwa kamba), au imepishana, au imejazwa kupita kiasi. Acha nafasi ya milimita tano hivi kutoka ukingo wa spuli. Kamba inayokatikakatika imekauka. Iloweke kwenye maji siku nzima, nailoni inanyonya maji na kurudisha ulaini.

Ikigoma kabisa kuwaka, angalia kitufe cha usalama kama kimebonyezwa pamoja na swichi, kisha chunguza vyuma vya kushikia betri. Kimoja kikipinda au kuingia vumbi na utomvu wa majani, mashine inawaka na kuzima ukiitikisa. Safisha kwa kitambaa kikavu. Ikiwaka pale tu unapoigonga kichwani, na ndani kuna cheche nyingi na harufu ya kuungua, kaboni za mota (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) zimeisha. Hapo pia jihadhari: nyingi zinauzwa kwa jina la mota isiyo na kaboni, na ukichungulia kwenye matundu ya hewa unaziona cheche za bluu. Mota isiyo na kaboni haitoi cheche hizo. Huo ni uongo wa pili, na unapigika picha.

Visu vya chuma vinavyokuja kwenye sanduku tungeshauri visifungwe kabisa. Kinga ya plastiki ya mashine hizi ni kijipande kisichofunika hata robo ya duara, na kisu kikigonga jiwe kinarusha vipande kwa kasi. Wengine wanatuma hata vichwa vya minyororo. Vya aina hiyo Umoja wa Ulaya ulitaka vipigwe marufuku tangu 2012 kwa mashine za kushika mkononi. Kamba au kisu cha plastiki, miwani, viatu vilivyofunika mguu, na watu wakae mita 15.

Chaja nayo isomwe kabla ya kuchomekwa. Kwa seli tano lazima iandikwe 21V. Ikiwa imeandikwa 25.2V, hiyo ni ya seli sita, na itazijaza seli zako kupita 4.2 kama ubao wa kinga ndani ya betri ni mbovu au haupo. Usiichomeke hata mara moja.

Kama bado hujanunua, muulize muuzaji kwa maandishi maswali matatu: betri ina seli ngapi, ni wati-saa ngapi, na kama unaruhusiwa kufungua sanduku na kuijaribu kwenye nyasi kabla ya kulipa. Anayeuza kitu halali atajibu. Tapeli atakujibu “mashine ni original boss” na kukutumia video. Angalia pia malipo yanakokwenda. Lipa Namba au Till inaonyesha jina la biashara. Namba ya simu binafsi yenye jina lisilofanana na duka ni ya kuiogopa, na “nauli ya kusafirisha” inayotakiwa mapema ndiyo mara nyingi wizi wenyewe, mzigo haupo. Ukurasa uliofunga sehemu ya maoni una sababu ya kufanya hivyo. Dai risiti ya EFD kwa Tanzania, au ya eTIMS kwa Kenya.

Kama umeshanunua, usifungue betri. Skrubu zikiguswa tu, muuzaji atasema umeiharibu wewe. Rekodi video moja isiyokatwa: lebo ya betri, maltimita, kisha mashine ikikata huku saa ikionekana mpaka izime. Video nyingine fupi ya chaja, mwanzo na mwisho. Mtumie kwa WhatsApp, si kwa simu, ukitaja tarehe ya kununua na kiasi ulicholipa, na umwambie wazi kwamba bidhaa hailingani na lebo na unataka pesa yako, si betri nyingine. Akikubali kubadilisha tu, betri mpya itatoka kwenye boksi lilelile. Piga picha ya skrini ya ukurasa wake siku hiyohiyo, maana majina ya kurasa hizi hubadilishwa.

Akikaidi, Tanzania lebo ya uongo na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na ubora ni wa TBS. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itume kwenda 15040. Kenya nenda kwa KEBS au mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Kwa M-Pesa ya Kenya, ikiwa umetuma sasa hivi na umeshtuka, peleka ujumbe wa muamala kwenda 456 kabla pesa haijatolewa.

Betri iliyovimba, inayochemka ikiwa haitumiki, au inayotoa harufu tamu ya dawa, ichomoe na uitoe nje ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na jiko na gari. Ziba vyuma vyake kwa selotepu. Usiitoboe, usiichome, na usiitupe jalalani na takataka nyingine. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.