Unga wa klorela: mwani hauna kosa, lebo ndiyo yenye kosa

Kopo nililolitumia kwa wiki sita lina gramu 300 za unga wa klorela, yaani mwani wa kijani wa maji baridi ambao kila mmoja ni seli moja tu, isiyoonekana bila hadubini. Mbele yake, kwa herufi kubwa kuliko hata jina la bidhaa, pameandikwa kuwa unga huu ni chanzo asilia cha omega-3, aina ya mafuta ambayo wengi huyatafuta kwenye samaki, na chini ya maneno hayo amechorwa samaki aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Mchoro huo ndio ulionishawishi kununua, na ndio ninaoulalamikia.

Unga wenyewe ni mzuri. Ukiumwaga moja kwa moja kwenye bilauri ya maji, huelea na kufanya madonge ambayo ndani yamebaki makavu. Ni afadhali uulowanishe kwanza kwa maji kidogo mpaka uwe rojo, ndipo uongeze maji mengine. Unanukia majani mabichi na, kwa mbali, maji ya bwawa. Kuta za seli zimepasuliwa kiwandani, jambo ambalo si la mapambo, kwa kuwa ukuta wa klorela ni mgumu na tumbo la binadamu haliuvunji kwa urahisi.

Tatizo linaanza kwenye mafuta. Mwani wa kijani, ukiwemo Chlorella vulgaris ambao mwanabiolojia Mholanzi Martinus Beijerinck aliuelezea mwaka 1890, una mafuta yanayofanana na ya jani la mmea zaidi kuliko ya samaki. Asidi zake za mafuta, yaani minyororo ya kaboni inayounda mafuta, kwa sehemu kubwa ni zenye kaboni 16 au 18: palmitiki, oleiki, linoleiki ambayo ni omega-6, na alfa-linoleniki ambayo ndiyo omega-3 inayotangazwa hapa. Omega-3 nyingine mbili zilizo ndefu zaidi, EPA yenye kaboni 20 na DHA yenye kaboni 22, ambazo ndizo zilizoyapa mafuta ya samaki sifa yake, kwa kawaida hazimo au zimo kwa kiasi kisichofaa kutajwa. Mwili unaweza kuirefusha alfa-linoleniki ikawa EPA, lakini ni sehemu ndogo tu inayofika huko, na inayofikia DHA ni ndogo zaidi.

Tufanye hesabu. Kipimo cha siku ni gramu 5, na jedwali la nyuma linasema humo mna nusu gramu ya mafuta. Hata tukikubali kwa ukarimu kwamba robo ya mafuta hayo ni alfa-linoleniki, tunapata miligramu 125, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa hutoa zaidi ya gramu moja. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inamwekea mtu mzima miligramu 250 za EPA na DHA kwa pamoja kila siku. Kwa kipimo hicho, samaki wa kwenye lebo hakustahili kukatwa.

Niliwaandikia wauzaji, nao, kwa kweli bila kuchelewa, wakanitumia ukurasa wa matokeo ya kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha asidi za mafuta moja moja. Oleiki ilikuwa juu na alfa-linoleniki chini. Mwani ukinyimwa nitrojeni huacha kugawanyika na kuanza kulimbikiza trigliseridi, yaani mafuta ya akiba, hivyo mafuta huongezeka huku fungu la alfa-linoleniki likipungua, kwa sababu asidi hiyo hukaa zaidi kwenye tando za kloroplasti, sehemu za seli zinazonasa mwanga, na si kwenye akiba ya mafuta. Sina hakika kama hivyo ndivyo mwani huu ulivyokuzwa, maana ukurasa haukutaja hali ya ukuzaji wala tarehe ya mavuno, lakini inatosha kuonyesha kwamba neno “omega-3” pekee, bila jina la asidi na miligramu zake, halimwambii mnunuzi kitu.

Barua yao iliongeza kwamba “klorela ya bahari” inajulikana kuwa na EPA. Hilo ni kweli kwa jina tu. Mwani ulioitwa hivyo katika vituo vya kukuzia vifaranga vya samaki huko Japani ulikuja kutambuliwa kuwa Nannochloropsis, ambao ni wa kundi jingine kabisa ingawa rangi yake ni ya kijani, na isitoshe, siyo uliomo kwenye kopo langu.

Kopo lenyewe ni la plastiki angavu, uamuzi wa ajabu kwa bidhaa inayojisifu kwa asidi zinazoharibiwa na mwanga na hewa. Kufikia wiki ya tano harufu ya majani ilikuwa imefifia, na nikifungua kifuniko napata ukakasi wa mafuta yaliyokaa. Unga uliobaki nimeuhamishia kwenye chupa nyeusi ndani ya jokofu na ninaendelea kuutumia kwa ajili ya protini. DHA naitafuta kwenye mafuta ya Schizochytrium, kiumbe ambacho wala si cha kijani, na ambacho lebo ya vidonge vyake imetaja miligramu.