GnuCash katika biro yetu ya mawakili Lubumbashi: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi ndiye ninayeshika hesabu za biro ndogo ya mawakili hapa Lubumbashi. Zamani tulikuwa na daftari moja na kese moja ya pesa taslimu. Mteja akileta dola 600, yaani 400 za kazi ya wakili na 200 za gharama za mahakama, zote ziliingia humo, zikalipa pango, mafuta ya jenereta na mshahara wa karani. Siku ya kulipa mahakamani ikafika, kese tupu. Tukakopa. Iliniuma sana, maana zile 200 hazikuwa zetu hata siku moja.

Ndipo nikaanza kutumia GnuCash. Ni programu ya bure ya kuweka hesabu kwenye kompyuta, haihitaji intaneti, na ina Kifaransa, lugha tunayoandikia hesabu. Kila pesa inaandikwa pande mbili: ilikotoka na ilikokwenda. Nilimfungulia kila mteja akaunti yake upande wa madeni. Zile dola 600 zikiingia kwenye kese, papo hapo zinaonekana pia kama deni letu kwake. Tukilipa mahakamani, deni linapungua. Zile 400 hazihesabiwi kuwa mapato mpaka kazi ifanyike na ankara itoke. Maître, yaani wakili mkuu wetu, akiuliza, "Tuko na makuta (pesa) ngapi?", namtajia namba mbili: zilizomo na zilizo zetu. Mwezi wa kwanza zilizomo zilikuwa dola 1,900, zetu hazikufika 500. Tangu hapo hatujagusa pesa ya mteja kulipia pango.

Dola na faranga nazo hazinisumbui tena. Kila akaunti ina sarafu yake, na ukihamisha pesa kati ya sarafu mbili programu inataka kiwango cha kubadilishia. Naandika kile tulichobadilishia siku ileile. Namba za akaunti za OHADA, mfumo wa hesabu unaotumika Kongo na nchi nyingine za Afrika, nilizipanga mwenyewe (41 wateja, 52 benki, 57 kese, 706 huduma), zikanila wiki nzima.

Kuna mambo ya kuangalia. Faili haifungwi kwa neno la siri, na siri ya mteja ndiyo roho ya kazi ya wakili. Kwa hiyo siandiki majina, naandika namba za mafaili ya kesi tu, na kompyuta yenyewe ina neno la siri. Tena mtu anaweza kurudi nyuma akafuta alichoandika jana, basi kila mwisho wa mwezi nachapisha taarifa, Maître anatia sahihi. Nakala za akiba inajitengenezea yenyewe kila unapohifadhi, ila zinakaa kompyuta ileile, hivyo mimi nazihamishia kwenye fleshi kila Ijumaa. Saa za kazi za mawakili haihesabu, hizo tunaandika pembeni.

Biro kubwa, ambamo watu wawili watatu wanataka kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, GnuCash haitawafaa. Sisi mwandishi ni mmoja, na tunaendelea nayo.